Kutune Injini Kwa Naitrasi Hapa Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Kila Siku

Haya maswali watu huniuliza kwa simu, kwa gereji, hata nikiwa kwa foleni ya petrol station. Nimeyaweka mahali pamoja ndio nipumzike kidogo. Kama wewe ni fundi wa siku nyingi utaona mengi unayajua, ruka tu uende kwa unalotaka.

Naitrasi inaongeza nguvu vipi? Si ni gesi inayowaka?

Haiwaki. Hiyo ya kuona moto wa bluu ukitoka kwa egzosti sijui nini, wacha hiyo kwa sinema. Naitrasi oksidi yenyewe ukiiwekea kiberiti haishiki. Kazi yake ni kubeba oksijeni tu. Hewa tunayopumua ina oksijeni kama asilimia 23 ya uzito wake, naitrasi ina 36, na ikifika ndani ya silinda ikipata joto la kama nyuzi 300 inavunjika, oksijeni inatoka, na sasa injini inaweza kuchoma petroli nyingi kuliko ile imezoea. Hiyo petroli ya ziada ndiyo nguvu unasikia mgongoni. Petroli ikikosa kuongezwa, umeongeza moto mkali usio na kitu cha kula, na kitu kitakacholiwa ni pistoni.

Kuna faida nyingine watu husahau. Ndani ya mtungi naitrasi ni ya majimaji, na ikitoka inachemka kwa nyuzi 88 chini ya sifuri. Kwa hivyo inapoingia kwa manifoldi (mabomba ya kupitisha hewa kwenda kwa silinda) inapoza hewa yote inayoingia nayo, na hewa baridi ni nzito, inabeba zaidi.

Ni ukweli inaua injini?

Injini nyingi zimekufa zikiwa na naitrasi, hiyo siwezi kataa. Lakini ukifungua ukaangalia vizuri, karibu kila mara utakuta ni kitu kati ya hivi: petroli haikufika ya kutosha, taimingi (wakati wa cheche kuwaka) haikurudishwa nyuma, ama mtu alifinya swichi injini ikiwa rpm 1500 kwa gia ya nne akipanda kilima. Naitrasi inasingiziwa tu. Ndio maana ukikuja kwangu na seti mpya kwa katoni, kitu cha kwanza nitakachouliza si seti ni ya kampuni gani, nitauliza pampu yako ya mafuta iko na umri gani.

Na injini iliyochoka usiiwekee kabisa. Pima kompreshen (presha ambayo kila silinda inabana) kwanza, silinda zote zikaribiane. Kama kuna moja iko chini, ama gari inakula oili, ama inachemsha ukikaa kwa jam ya Mombasa Road, rekebisha hizo kwanza halafu ndio tuongee.

Nairobi iko juu sana, je, naitrasi inafanya kazi tofauti hapa?

Hili ndilo swali napenda, na ndilo watu wanaotazama video za Marekani hawaulizi. Nairobi tuko karibu mita 1,700 na kitu juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, kwa hivyo injini isiyo na turbo inabaki na nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho. Ile Fielder yako yenye injini ya 1NZ, kiwandani walisema ni hosipawa 109 hivi, hapa town unaendesha kama 90. Sio gari imechoka, ni hewa.

Sasa naitrasi haijali hayo mambo. Inatoka kwa mtungi kwa presha ya mtungi, kwa hivyo jeti (kile kitundu kidogo kinachopima kiasi kinachotoka) ya hosipawa 50 itakupea kama 50 ukiwa Mombasa, ukiwa Nairobi, ukiwa Limuru kwa baridi. Wajerumani waliligundua hili kitambo, vita vya pili vya dunia walikuwa na mfumo wa naitrasi kwa ndege ulioitwa GM-1, wakiwa juu kabisa ambako hewa imeisha rubani anaiwasha. Kwa hivyo hapa kwetu hizo 50 zinasikika zaidi kuliko pwani, kwa sababu zinaongezwa kwa injini ambayo tayari ilikuwa imenyimwa hewa.

Lakini sikiza upande wa pili, na huu ndio umeshika watu. Ukitune gari hapa Nairobi, injini inapumua hewa kidogo, presha ndani ya silinda ni ya chini, injekta hazifanyi kazi sana, na petroli ya kawaida haigongi haraka, yaani hailipuki kabla ya wakati wake. Kila kitu kinakaa sawa. Halafu Desemba unashuka Mombasa. Injini inapata hewa yote, inachoma petroli yake zaidi, injekta na pampu zinakaribia mwisho, presha ya silinda inapanda, na bado unaongeza zile 50 juu yake. Setting iliyokuwa salama huku juu kule chini inaanza kugonga. Nikitune gari hapa na mwenyewe aniambie anateremka nayo, natoa digrii kadhaa za taimingi na naacha nafasi kwa injekta. Kama humwambii fundi ukweli wa mahali unaenda, utamfanya akutunie gari ya Nairobi uende uivunje Nyali.

Injini yangu ya kiwandani inaweza kubeba ngapi?

Kwa silinda nne isiyofunguliwa, kaa kwa 35 hadi 50, wengine huenda 60 lakini mimi simsukumi mtu huko. Silinda sita unaweza kuangalia 75 mpaka 100. V8 kubwa inabeba zaidi. Hizo ni za injini nzima yenye afya. Ukitaka kupita hapo, unaanza kufikiria pistoni za kufuliwa, ringi zenye nafasi kubwa kidogo kwa sababu ya joto, konrodi, hedi gasket ya chuma, na hapo bei ya naitrasi yenyewe inakuwa kitu kidogo kwa hesabu.

Subaru za EJ najua mtauliza. Kuta kati ya ringi za pistoni kwa hizo injini, hasa zile za lita 2.5, hazipendi kugonga hata kidogo. Inagonga kidogo tu na kipande kinakatika. Anza na 35 na usikilize.

Weti ama drai, nichukue gani?

Weti inaleta naitrasi na petroli yake pamoja kwa nozo moja, kuna solenoidi (valvu za umeme) mbili, moja ya gesi na moja ya petroli. Drai inaleta naitrasi peke yake, petroli ya ziada inaongezwa na injekta za gari zenyewe kupitia kompyuta.

Kama kompyuta ya gari yako haiwezi kuandikwa upya, weti ndiyo rahisi. Kama una kompyuta ya kutunika na injekta zenye nafasi, drai ni safi zaidi kwa sababu petroli haipiti kwa manifoldi. Ile ya nozo kila silinda ni ya mashindano, gari ya kwenda kazi Upper Hill haihitaji hiyo.

Mark X ile ya 4GR ni D-4, injekta zinapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na manifoldi yake haikutengenezwa kupitisha petroli. Ukiweka weti pale mbele, petroli inafika silinda zingine nyingi na zingine kidogo, na hutajua mpaka plagi zikwambie. Hiyo gari inataka mtu anayejua anachofanya, na jeti ndogo.

Taimingi irudishwe nyuma kiasi gani na kwa nini?

Hesabu ya kuanzia inayotumika kila mahali ni digrii 2 kwa kila hosipawa 50. Sababu ni kwamba oksijeni ikiwa nyingi moto unakimbia. Cheche ikiwaka wakati uleule wa zamani, moto unamaliza kazi pistoni ikiwa bado inapanda, unaipiga kichwani badala ya kuisukuma chini. Hiyo ndiyo kugonga, na ikiendelea unatoboa pistoni ama unapasua gasket.

Kwa magari ya zamani yenye distributa unaizungusha tu kwa mkono ukiwa na taa ya taimingi. Kwa hizi za koili juu ya kila plagi, kama 1NZ, hakuna cha kuzungusha. Inabidi uandike kompyuta ama uweke kingine kando kinachochezea signali, chenye kinarudisha taimingi tu wakati naitrasi imewaka na ikizimwa inarudi kawaida. Kuna watu wanapiga 35 bila kugusa taimingi, wanaweka plagi baridi na petroli nzuri na inakaa. Sikatai inakaa. Mimi silali usingizi na hiyo.

Plagi gani, na gap ngapi?

Plagi baridi kuliko ya kiwandani kwa hatua moja, ukipita hosipawa 75 hivi hatua mbili. Kwa NGK namba ikipanda ndio plagi inakuwa baridi zaidi, kwa hivyo kutoka 5 unaenda 6. Gap funga iwe milimita 0.7 hadi 0.8, kwa sababu presha ikiwa kubwa cheche inashindwa kuruka nafasi pana. Zile za iridiamu na platinamu zenye ncha nyembamba ziache, joto likizidi ile ncha inakuwa kama kiberiti ndani ya silinda. Weka zile za kawaida za nikeli. Ni bei rahisi, na utazitoa na kuzirudisha sana.

Sasa hapa kwa kusoma plagi watu huharakisha, na ndipo habari yote iko. Weka plagi mpya. Kanyaga mafuta mpaka mwisho na naitrasi, halafu kabla hujaachilia, zima injini na utoe gia, iviringike mpaka isimame. Ukiiacha iunguruke kidogo tu umefuta ushahidi wote. Toa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda, chukua lenzi ya kukuza na tochi, na uangalie ile kauri nyeupe. Ikiwa safi na pete ya rangi ya kijivu chini kabisa karibu na chuma, uko sawa. Ukiona vidoadoa vyeusi kama pilipili manga imenyunyizwa, injini inagonga hata kama hukusikia kitu. Ukiona vitone vinavyong'aa kama fedha, hiyo ni alumini ya pistoni yako, imeanza kuyeyuka na kurukia plagi, usiwashe tena siku hiyo. Angalia pia ule mkono wa chuma wa juu, joto huacha alama ya rangi. Alama ikikaa kwenye kona ya mkono taimingi iko karibu na sawa, ikishuka kuelekea mahali umechomelewa, taimingi imezidi. Na mkono ukigeuka wa bluu ujue joto limepita kiasi.

Linganisha silinda zote. Ikiwa tatu zinafanana na moja ni nyeupe kavu, tatizo lako si tune, ni injekta iliyoziba ama nozo imekaa vibaya.

Nitumie petroli gani?

Ya okteni ya juu unayoweza kupata, kama V-Power, na ununue kwa stesheni unayoiamini, hiyo ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza. Kenya tumekuwa na shida ya mafuta kuchanganywa na mafuta taa mpaka serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 kuwakatisha tamaa. Mafuta taa hushusha okteni. Gari ya kawaida itakohoakohoa tu uende zako, ya naitrasi itavunjika hapohapo. Usijaze mtungi wa naitrasi halafu ukaweke petroli ya mia tano kwa stesheni usiyoijua.

Wakati wa kutune, angalia waidibendi, ile geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Nataka namba ya mchanganyiko ikae 11.5 hadi 12 nikiwa nimekanyaga yote na naitrasi iko wazi. Ikigusa 13 naachilia mguu. Na waidibendi inasoma wastani wa silinda zote, ndio maana nimekaa kwa plagi muda mrefu hapo juu.

Najuaje pampu yangu inatosha?

Kwa kupima mafuta yakiwa yanatiririka. Watu wanafunga geji, wanaona presha imesimama vizuri injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa), wanasema iko sawa. Presha iliyosimama haikwambii kitu. Kwa seti ya weti, toa mpira wa petroli kwa nozo, uweke jeti yenyewe mwisho wake, elekeza kwa chupa nzito nje ya gereji mbali na moto na sigara na fundi wa welding, washa pampu, fungua solenoidi ya petroli, na uangalie geji wakati inatiririka. Presha ikishuka na kukaa chini, basi pampu, filta ama waya wa pampu haukuwa tayari. Mara nyingi ni filta chafu. Mara nyingine ni waya mwembamba, pampu inataka volti 13 na kitu na inapata 11, ukivuta waya mpya na relei yake shida inaisha bila kununua pampu.

Halafu weka swichi ya usalama ya presha ya mafuta. Ni kitu kidogo. Presha ikishuka inakata naitrasi kabla wewe hujajua kuna shida.

Jeti nazo zina namba imepigwa pembeni, ni elfu za inchi, 33 ni inchi 0.033. Usichokonoe na waya kuzisafisha, ukiongeza tundu hata kidogo ile hesabu imeharibika.

Mtungi uwe na presha ngapi?

Kati ya 900 na 1,000 psi. Presha inafuata joto la mtungi na si kiasi kilichobaki ndani. Ni kama mtungi wa gesi ya jikoni, geji haikwambii imebaki ngapi, unainua ama unapima kwa mizani. Mtungi ukiwa na nyuzi 20, presha iko karibu 735. Nyuzi 30 inakaribia 915. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi kukiwa na nyuzi 13 au 14, presha iko chini sana, naitrasi inatoka kidogo lakini petroli inatoka ileile, gari inakuwa na mafuta mengi, inakohoa, inatoa moshi mweusi, na mwenyewe anapiga simu kusema tune imeharibika. Tune haijaharibika, mtungi una baridi.

Upande wa pili ni mtungi kwa buti ya gari iliyoegeshwa juani, ama Mombasa. Ikipita nyuzi 36.4 naitrasi haiwezi tena kukaa majimaji, inakuwa gesi tupu na presha inapanda haraka, unatoka na presha ya juu na uzito mdogo. Na hata kabla ya kufika hapo, presha ikipanda naitrasi inazidi petroli, upande mbaya kabisa. Nunua blanketi la umeme la mtungi lenye swichi ya presha, likifika 950 linajizima. Usipashe mtungi na jiko, tochi ya gesi wala maji yanayochemka. Nimeona mtu na jiko la makaa kwa buti, nikatembea nikasimama mbali.

Mtungi ukilazwa, valvu iangalie mbele ya gari na ile lebo iwe juu, kwa sababu ndani kuna mrija unaofyonza kutoka chini upande wa nyuma, ukiukosea unafyonza gesi badala ya majimaji. Ile diski ya usalama iwe na bomba linalotoka nje ya gari. Ikipasuka ndani na madirisha yamefungwa, hewa yote ya kupumua inaondoka.

Swichi na waya inakuwaje?

Lazima kuwe na swichi kuu ya kuruhusu, na swichi kwa throtoli inayowaka tu mguu ukiwa chini kabisa, na kifaa cha rpm kinachofungua kutoka 3,000 na kufunga kama 300 kabla ya mstari mwekundu. Solenoidi inavuta umeme mwingi, weka relei na fyuzi, usiichome moja kwa moja kwa kitufe. Kile kitufe cha stiringi kwa kidole kinapendeza kwa picha lakini kidole hakijui rpm.

Kwa nini kufunga kabla ya mstari mwekundu? Kwa sababu ukigonga kikomo, kompyuta inakata injekta na naitrasi bado inaingia. Sekunde hiyo moja inatosha.

Nimesikia manifoldi inaweza kulipuka.

Inaweza, hasa za plastiki. Ukifungua weti kwa rpm ya chini, hewa inaenda polepole, petroli inadondoka na kulala ndani ya manifoldi kama kidimbwi. Cheche moja ikirudi nyuma na una mlipuko chini ya boneti. Njia nyingine ni solenoidi inayovuja usiku kucha mtungi ukiwa wazi, asubuhi unawasha gari na manifoldi imejaa naitrasi. Ukifika, funga mtungi kwa mkono, hata kama ni dakika tano za chai. Kujua kama inavuja, toa mpira kwa nozo, ingiza mwisho wake kwa kikombe cha maji, fungua mtungi bila kuwasha solenoidi. Mapovu yakitoka, badilisha.

Na usipake oili ama grisi kwa viungo vya laini ya gesi. Hii ni oksijeni tunabeba, mafuta na oksijeni ya presha kubwa hayakai nyumba moja.

Gari yangu ni otomatiki.

Otomatiki ya kawaida yenye oili safi inabeba 50. CVT, ile ya Vitz na Fielder mpya, hapana. Nguvu inaingia kwa kishindo na ule mkanda wa chuma unateleza. Ukiteleza mara moja umejichora, na gearbox utaenda kuitafuta Kirinyaga Road.

Seti ya mtumba ni sawa?

Nozo na bracket ni sawa. Solenoidi fungua uangalie ile mpira ndani, ikiwa imebonyea badilisha. Mipira ya presha ikiwa na michubuko kwenye zile waya za nje, tupa. Mtungi uwe na tarehe ya kupimwa presha, mitungi ya alumini ya Marekani hupimwa kila miaka 5, na tarehe imepigwa mhuri begani. Tarehe imesuguliwa na grainda? Rudisha na uende nyumbani. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha umepata mahali pa kujaza, kwa sababu wengi wako na mitungi mizuri imekaa kwa stoo kama pambo.

Nina turbo, kuna haja?

Turbo na naitrasi zinapendana sana. Turbo kubwa inayochelewa inaamshwa haraka, na hewa ya moto inapozwa. Lakini presha zote mbili zinajumlishwa, kwa hivyo ile 50 inaweza kukupa zaidi ya 50. Weka izimike boosti (presha ya turbo) ikishafika. Hapo naitrasi imemaliza kazi yake.

Si hii ndiyo ile gesi ya kuchekesha ya hospitali? Naweza kuvuta?

Usivute. Ya magari kule Marekani huwekewa salfa dioksidi kidogo makusudi ndio ikuchome koo. Na hata isiyowekewa, ikikutoka moja kwa moja kwa mtungi inagandisha midomo na mapafu, na inakunyima oksijeni, watu wamekufa hivyo.

Polisi na bima?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu mashindano barabarani bila idhini, haijalishi una naitrasi ama huna. Expressway kikomo ni 80, kwa hivyo sijui unataka kuifungulia wapi hiyo kitu. Nenda kwa track ama kwa siku za mashindano zenye kibali, kuna lami ya Whistling Morans kule Athi River. Bima nayo, kama hukuwaambia umebadilisha injini, wakija kuangalia gari iliyogongwa wakute solenoidi kwa boneti, wana sababu ya kukataa kulipa. Waambie kwa maandishi hata kama premium itapanda.

Siku ya kwanza kwa daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) tunafanya nini hasa?

Kwanza gari inapigwa bila naitrasi mpaka namba zitulie, kama haikai sawa bila gesi hatuendelei. Halafu jeti ndogo kabisa kwenye boksi, plagi mpya, mtungi 950, taimingi nimeirudisha nyuma zaidi ya inavyohitaji. Tunapiga mara moja fupi. Natoa plagi. Kama ziko safi naongeza digrii moja mbele, tunapiga tena, natoa plagi tena. Nguvu ikiacha kuongezeka nikipeleka taimingi mbele, narudi digrii mbili nyuma na kuacha hapo. Hapo ndipo naweza kubadilisha jeti kama mwenyewe bado anataka. Itachukua mchana mzima, beba chakula.

Mtungi mmoja unadumu muda gani?

Hosipawa 100 inakula karibu pauni moja ya naitrasi kwa sekunde kumi. Mtungi wa kawaida ni pauni 10, kwa hivyo una kama dakika moja na nusu ya kufungua, na ukiwa na jeti ya 50 ni kama mara mbili hiyo. Pauni mbili za mwisho presha huwa inaanguka, ukipima kwa mizani ukakuta uko hapo, jaza kwanza.